Kuwaongoza Wenye Biashara Ndogo: Tuliyojifunza Ghana

(Hotuba iliyosomwa na wanachama wawili mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kupigwa chapa katika Taarifa hii kwa agizo la Halmashauri.)



 Halmashauri inalo mezani shauri la kutenga sehemu ya fedha za Chama kwa ajili ya biashara za vijana wetu, na kabla ya kulikata shauri hilo wazee wametaka kusikia habari za kazi tuliyoifanya nchi ya Ghana mwaka wa 2019, tulipokwenda kwa kujitolea ili kuwaongoza wenye biashara ndogo. Wako waliotusihi tusimulie yale mazuri tu, maana mkutano una wageni. Twaomba radhi kwao. Taarifa ya mwaka ni kitabu cha hesabu, na kitabu cha hesabu chenye upande wa mapato peke yake hakimfai mtu. Kwa hiyo tutasema pia hasara tuliyoileta, nani aliyeilipa, na jinsi ilivyotufunza.

Jinsi tulivyokwenda

Sisi ni wawili. Mmoja wetu alikuwa karani wa hesabu kwa miaka mingi mpaka akastaafu. Wa pili aliuza misumari na vyombo vya chuma katika duka lake, hata alipochoka akawaachia wanawe. Shirika moja la watu wa kujitolea lilikuwa likitafuta Waafrika wenye ujuzi wa biashara waende kuwasaidia Waafrika wenzao katika nchi nyingine, pasipo mshahara, ila nauli, chumba cha kulala na posho ya chakula. Tukajiandikisha, na baada ya miezi michache tukapelekwa Kumasi kwa muda wa miezi tisa.

Wazee mliopo hapa mwakumbuka jinsi jina la Ghana lilivyovuma tarehe 6 Machi 1957, nchi ile ilipojipatia uhuru wake, miaka sita na zaidi kabla ya sisi kuupata wetu. Tulipokuwa vijana tulilisikia jina hilo kama mtu asikiavyo habari za kaka yake aliyetangulia kwenda mjini. Basi tulifika na furaha nyingi, na labda na majivuno kidogo, maana tulidhani kwamba katika mambo ya biashara sisi tumekwisha kuwapita.

Kumasi ni mji mkuu wa Waashanti, kadiri ya kilomita 250 kutoka Accra. Soko lake la Kejetia ni miongoni mwa masoko makubwa kabisa ya Afrika ya Magharibi, na mgeni aingiapo humo bila mwenyeji hapati njia ya kutokea. Walio wengi katika wauzaji ni wanawake. Kila bidhaa kubwa ina malkia wake: nyanya zina wake, viazi vikuu vina wake, naye huamua magomvi ya wauzaji na kusema kwa niaba yao mbele ya wakubwa wa mji. Upande mwingine wa mji kuna mahali paitwapo Suame Magazine, ambapo mafundi wa magari, wahunzi na wachomeaji vyuma wamekusanyika kwa maelfu, na tangu asubuhi hata jioni husikii ila nyundo.

Tulipewa watu kumi na wawili wa kuwaongoza. Miongoni mwao walikuwamo mafundi wa kushona nguo, mama mmoja aliyeuza waakye, yaani wali uliopikwa pamoja na kunde, mama muuza nyanya, na kijana mmoja wa Suame aliyetengeneza majiko ya makaa. Waliojua Kiingereza tulisema nao wenyewe. Wasiokijua tulisema nao kwa ulimi wa wanagenzi wao, maana Kitwi hatukukijua, na Kiswahili chetu huko hakikununua hata embe.

Daftari

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo tulikwenda nalo kama askari aendavyo na bunduki yake. Wiki ya kwanza tulinunua madaftari kumi na mawili, tukayapiga mistari, mapato kushoto na matumizi kulia, tukawafundisha wale wenzetu kuandika kila jioni. Baada ya wiki sita madaftari yote yalikuwa yamejaa, safi na bila doa, nasi tukaandika barua kwa wakubwa wetu kwamba kazi inaendelea vyema.

Kumbe safi ile ndiyo iliyopasa kututia shaka. Daftari la mtu auzaye nyanya lingekuwa na alama ya nyanya. Siku moja tulipita bila kutoa habari, tukamkuta binti wa yule mama, mtoto wa shule, ameketi juu ya sanduku akijaza kurasa za wiki nzima kwa kalamu moja, huku mama yake akimwambia hesabu kwa kukisia. Tulipowauliza wengine kwa upole, tukaambiwa kwamba wengi walijaza usiku wa kuamkia siku yetu ya kuja. Hawakuwa na nia ya kutudanganya. Walituandalia daftari kama vile mtu amwandaliavyo mgeni chai.

Hata kuhesabu kwenyewe kulitushinda mwanzoni. Mwaka wa 2007 Serikali ya Ghana iliondoa sufuri nne katika fedha yake, hata cedi 10,000 za zamani zikawa cedi 1 mpya. Lakini sokoni akina mama wengi, hasa wazee, waliendelea kutaja bei kwa hesabu ya zamani. Yule karani wetu, aliyejivunia miaka yake ya ofisini, alisikia "elfu kumi", akaandika elfu kumi. Na jioni alipojumlisha akaona kwamba mama yule mwenye makarai matatu ya nyanya ameuza kwa siku moja fedha nyingi kupita soko zima. Akina mama walicheka mpaka wakashika mbavu. Nasi tulicheka, lakini tukaanza kuelewa kwamba mgeni aweza kuandika sana na asijue analoandika.

Tena iko habari ya susu. Huko kuna watu wapitao kila siku kibanda kwa kibanda wakikusanya akiba za wauzaji. Mwuzaji hutoa kiasi kile kile kila siku, mkusanyaji hutia alama katika kadi, na mwisho wa mwezi humrudishia fedha zake zote isipokuwa za siku moja, ambazo ndizo ujira wa mkusanyaji. Sisi tulipiga hesabu upesi: siku 1 katika 31 ni zaidi ya shilingi 3 katika kila 100, na benki, badala ya kukutoza, ingekupa faida. Tukawaambia kwamba jambo hili ni upumbavu. Muuza waakye akatuuliza: mkienda benki, mwarudi saa ngapi? Tukamwambia, labda baada ya saa mbili. Akasema: na sufuria yangu ya wali nani ataiuza saa hizo mbili? Na mjomba wangu akija jioni kukopa, nimwambie nini, nami fedha ninazo mkononi? Hatukuwa na jibu. Mama huyo hakufuata shauri letu hata moja kwa miezi tisa, na biashara yake ilikuwa nzuri siku tuliyofika, ikawa nzuri siku tuliyoondoka.

Kosa letu

Sasa twafika mahali ambapo tungependa kupita upesi, lakini imetupasa kusimama.

Mmoja wa wale washonaji alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye cherehani tatu na wanagenzi wanne. Alishona vizuri sana, na kazi haikumpungukia, lakini fedha hazikuonekana. Tulipofungua daftari lake tukaona sababu, au tulidhani tumeiona: wateja walichukua nguo kwa deni, hasa nguo za matanga, wakalipa baada ya wiki nyingi. Tukampa kanuni moja rahisi, nayo ni kwamba nguo isitoke kabla fedha hazijaingia. Tukaiandika kwa herufi kubwa, tukaibandika ukutani kwake. Alituitikia kwa heshima, wala hakusema neno.

Wazee, Waashanti huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na matanga kwao ni jambo kubwa kupita mengi. Mtu mzima afapo, ukoo huchagua kitambaa, chekundu au cheusi, na watu wa ukoo hushona nguo zao ili wasimame pamoja siku ya maombolezo. Wenye kuhudhuria hutoa michango, nayo hutangazwa mbele ya watu. Baada ya matanga wakubwa wa ukoo huketi kupiga hesabu, na gharama zikizidi michango, deni hugawanywa kati ya jamaa.

Mwezi mmoja baada ya kanuni yetu kubandikwa ukutani, akafa mzee mmoja wa ukoo wa yule mshonaji. Wanawake kadiri ya arobaini wakaja na vitambaa vyao kwake, kwa kuwa ni ndugu yao. Naye, kwa kutushika neno, akawaambia kwamba kila mmoja atalipa fedha zote kabla ya kuchukua nguo. Wakatazamana. Wakakunja vitambaa vyao, wakaenda kwa mshonaji mwingine asiye wa ukoo wao. Na si kazi ya siku ile tu iliyoondoka. Hata wale waliokuwa wakimletea nguo za Jumapili walianza kupita mbali.

Sisi hatukujua. Tuliona cherehani zimefunikwa, tukaambiwa kwamba ni majira ya kazi chache. Baada ya wiki tatu mwanagenzi mkubwa alitufuata njiani, akatueleza yote kwa sauti ya chini. Tukajua pia kwamba akiba ya susu ya bibi wake, iliyokuwa ya karo ya binti aliyekuwa chuoni, imeliwa na kodi ya kibanda na posho za wanagenzi, na kwamba yule binti amerudi nyumbani.

Tulikwenda kwake jioni ile ile. Tukamwuliza: Mama, kwa nini hukutuambia kwamba kanuni hii haifai? Akasema: Nyinyi mlikuwa wageni wangu, tena watu wazima kuniliko. Mgeni aliyetoka mbali kunisaidia nitambishiaje?

Bwana Mwenyekiti, kila mtu hapa anajua kwamba kazi ya kwanza ya Chama hiki tangu kuanzishwa kwake imekuwa kuwazika wafu wetu kwa heshima, na kuwasafirisha nyumbani wasilale ugenini. Mara ngapi jeneza limetoka kwa fundi kwa neno la Mweka Hazina tu, na fundi akalipwa baada ya michango kuhesabiwa? Katika watu wote, sisi ndio tuliopaswa kuelewa. Tuliacha maarifa yetu wenyewe uwanja wa ndege wa Nairobi, tukachukua kanuni ya kitabuni.

Tulitaka kumlipa kutoka mifukoni mwetu. Alikataa. Alisema alichotaka kwetu ni kitu kimoja, tufuatane naye kwa mkuu wa ukoo. Tukanunua kinywaji, kama ada yao inavyotaka kwa mtu aendaye kuomba jambo mbele ya wazee, tukaenda. Mkuu wa ukoo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatuuliza: kwenu Kenya, mtu akifiwa, fundi wa jeneza hudai fedha zote kabla ya kupiga msumari wa mwisho? Mwenzetu aliyeuza misumari maisha yake yote aliinamisha kichwa. Mzee akapokea kinywaji, akasema kwamba kosa si la binti yake. Kazi ya matanga yale ilikuwa imekwisha kupotea, lakini mlango ulifunguliwa tena. Karo ya binti ilipatikana kwa mkopo wa jamaa, naye alirudi chuoni akiwa amepoteza muhula mmoja. Muhula huo ni wa kwetu sisi, na hatuna njia ya kumrudishia.

Bibi mzee wa sokoni

Tangu siku ile tulibadili kazi yetu. Badala ya kufundisha, tulianza kutafuta. Tuliuliza sokoni: ni nani aliyeshona hapa akafanikiwa, akasomesha watoto na kujenga nyumba kwa sindano yake? Wakatutajia bibi mmoja aliyekuwa amekwisha kuacha kazi kwa sababu ya macho. Tulimwendea, tukamwomba aje kuketi na yule mshonaji saa moja kila wiki. Alikubali kwa sharti kwamba sisi tusiseme.

Tukaketi kwenye benchi kama watoto. Bibi hakufungua daftari. Aliuliza kwanza: uzi na bitana wanunua wapi? Alipojibiwa, akatikisa kichwa, akamshika mkono, akamwongoza mpaka duka la jumla lililokuwa nyuma ya soko, ambalo yule mwanamke alilipita kila siku asijue kwamba wauzao humo huuza kwa katoni. Katoni moja ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Bibi akawaita washonaji wengine wawili, wakagawana. Pili akauliza: nguo za matanga wadai kwa nani? Akajibiwa, kwa kila mwenye nguo. Bibi akasema, hapo ndipo upoteapo. Usiwe na madeni arobaini, uwe na deni moja. Mwendee mkuu wa ukoo kabla ya kukata kitambaa, akudhamini mbele ya watu, na siku ya kupiga hesabu ya matanga uwepo, jina lako litajwe. Hakuna ukoo utakaokubali kutajwa kwamba haukumlipa mshonaji wa maiti wao. Tatu akauliza: vipimo vya wateja wako waviandika wapi?

Hapo yule mshonaji akatoa daftari kuukuu, limejaa mafuta ya cherehani, ambalo aliandika vipimo vya kila mteja kwa miaka tisa. Bibi akamwambia: kando ya vipimo andika alichotanguliza na kilichobaki. Basi. Nasi tuliokuwa tumemletea daftari jipya lenye mistari hatukuwa tumeuliza hata siku moja kama analo lake. Wahenga hawakukosea juu ya daftari. Sisi ndio tulioshindwa kuliona lililokuwapo.

Tulipoondoka mwezi wa Septemba, cherehani zote tatu zilikuwa zikifanya kazi, na mwanagenzi mkubwa alikuwa karibu kumaliza na kufanyiwa sherehe ya kuachiwa huru kuanza kazi yake mwenyewe.

Tusiwafanye mdhani kwamba kila kitu kilikuwa hivyo. Muuza nyanya aliacha biashara. Nyanya nyingi zake zilitoka Burkina Faso kwa malori, na malori yakichelewa hakuna mshauri awezaye kuzizuia zisioze. Yule kijana wa majiko tulimpatia mhunzi mzee wa Suame, lakini wawili hao waligombana kabla ya mwezi kwisha, kwa kuwa mzee alikuwa bado anauza majiko yale yale na alichelea kunyang'anywa wateja. Katika kumi na wawili, watano ndio tuwezao kusema kwamba tuliwafaa, na watano hao wote walifaidiwa na wenyeji tuliowaleta kuliko sisi.

Waliyoyaona wachunguzi

Tuliporudi, mjukuu wa mmoja wetu, aliye chuo kikuu, alituonyesha maandiko ya wachunguzi waliokwisha kuyapima mambo haya kwa utaratibu. Tulisikitika kwamba hatukuyasoma kabla ya safari.

La kwanza lilifanywa Ghana kwenyewe, katika mji wa Accra, na wachumi Dean Karlan, Ryan Knight na Christopher Udry, waliotoa taarifa yao mwaka wa 2012. Waliwapa mafundi wa kushona washauri wa kampuni kubwa ya mahesabu, na wengine wakapewa fedha taslimu, na wengine vyote viwili. Washonaji walifuata mafunzo kwa muda, na fedha wakazitia katika kazi. Lakini faida kwa wastani haikuongezeka, na baada ya muda wakarudia desturi zao za zamani. Tulipolisoma tulijiona humo kama katika kioo.

La pili lilifanywa hapa hapa kwetu, mtaa wa Dandora, Nairobi, na Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson, nalo likachapishwa mwaka wa 2018. Wanawake wenye biashara ndogo waligawanywa kwa kura. Wengine walifundishwa darasani. Wengine kila mmoja akapewa mwenzi, mwanamke wa Dandora hiyo hiyo aliyekwisha kufanikiwa katika biashara. Wale wa darasani walibadili namna ya kuendesha mambo, lakini faida yao haikupanda. Wale waliopewa mwenzi faida yao ilipanda kwa wastani wa asilimia 20, na sababu kubwa ilikuwa maarifa ya mahali, kama vile duka gani la jumla huuza kwa bei nafuu. Ni yale yale ya bibi wa Kumasi na katoni ya uzi. Lakini sikilizeni na mwisho wake: kadiri wawili hao walivyoacha kukutana, ndivyo faida ile ilivyopungua.

Tulikuwa tumepanda ndege kuvuka bara zima kwenda kutafuta somo lililokuwa limekwisha kuandikwa Dandora.

Shauri letu kwa Chama

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, juu ya fedha za vijana zilizo mezani, shauri letu ni hili.

Kwanza, Chama kisianze kwa kutoa fedha, wala kisianze kwa kufungua darasa. Kianze kwa kumpa kila kijana mwenye biashara mzee mmoja au mama mmoja wa Chama aliyeifanya kazi ya namna hiyo hiyo, katika soko hilo hilo au la jirani. Katika mkutano huu wamo wauza mitumba, mafundi wa mbao, wenye hoteli ndogo, wenye magari ya kubeba mizigo. Maarifa yao yanakufa pamoja nao, nasi twawazika vizuri sana na kuyazika nayo.

Pili, wakutane kila wiki, kwa muda usiopungua mwaka mmoja, na Halmashauri iulize kila robo mwaka kama bado wanakutana. Dandora imetufunza kwamba kazi hii ni kama moto wa kuni: ukiacha kuchochea, huzimika.

Tatu, asichaguliwe mshauri mwenye kuogopa kunyang'anywa wateja. Afadhali aliyestaafu, au aliye na kazi kubwa kiasi cha kutomwonea kijana wivu. Wala mshauri asimkopeshe kijana, asikope kwake, wala asiwe mshirika wake katika faida.

Nne, kijana awe na haki ya kukataa shauri, na aambiwe hivyo siku ya kwanza, mbele ya mashahidi. Hili ndilo gumu kuliko yote, maana sisi tumelelewa kutowabishia wakubwa, na malezi hayo ni mema. Lakini mshonaji wa Kumasi alipoteza ukoo wake kwa mwezi mzima kwa sababu ya adabu. Mzee atoaye shauri na aseme mwenyewe: mwanangu, ukiona neno langu halifai, niambie, sitakasirika. Na kweli asikasirike.

Tano, fedha zije mwisho, baada ya miezi sita, kwa kijana ambaye mshauri wake ataweza kusimama mkutanoni na kueleza zitafanya kazi gani.

Tunajua kwamba wako vijana hapa waliotumaini kupata fedha mwaka huu, na shauri letu si tamu masikioni mwao. Mmoja wao alituuliza mlangoni kama tumekula posho ya Ghana kisha twaja kuwazuilia wao. Twamjibu mbele yenu: fedha tulizopewa hazikutuzuia kumharibia mtu kazi. Kilichokosekana si fedha, ni mtu wa pale pale wa kutuambia ukweli. Mtu huyo kijana yule anaye, ameketi viti viwili mbele yake, naye hajamwuliza kitu.

Wa mwisho kutajwa ni yule mshonaji. Mwaka wa 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga nchi zote, hatukuweza kurudi kumtazama kama tulivyoahidi, lakini alitupigia simu. Alisema kwamba binti yake amemaliza chuo, na kwamba washonaji wawili vijana wa soko lile wanakuja kwake kila wiki kumwuliza mambo. Tukamwuliza awafunzavyo. Akasema huwauliza kwanza wanunuapo uzi.

Halmashauri ikikubali, sisi wawili tuko tayari kuwa wa kwanza kupewa vijana. Karani ataketi na yeyote mwenye kazi ya hesabu za watu, na muuza misumari ataketi na yeyote mwenye duka la vyombo. Majina yetu tumekwisha kumpa Katibu, na karatasi ya kuandikishia wengine iko juu ya meza karibu na mlango.